UZI: Pakirafti Kigoma na Tabora, namna ya kuanza bila kuyaacha maisha porini

Kasia la Bangwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Maswali yamekuwa mengi, acha niandike hapa mara moja ili kila mwenye nia asome.

Kwa wasioijua, pakirafti ni kiboti cha kujaza upepo, mara nyingi cha mtu mmoja, kinachokunjwa kikaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na hema na chakula. Vingi vina uzito wa kilo 2 hadi 4. Unatembea nacho, ukifika mtoni unakijaza, unavuka au unateremka na mkondo, halafu unakikunja na kuendelea kwa miguu. Mchezo huu ulikomaa Alaska, nchi ya mito mingi isiyo na madaraja. Mama mmoja wa huko, Sheri Tingey, ndiye aliyeanza kutengeneza hivi vya kisasa vilivyo imara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa naona vijana wetu nao wameanza kuagiza, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Mafunzo karibu yote utakayoyakuta mtandaoni yametungwa kwa ajili ya maji baridi. Kule mtu akipinduka, adui wa kwanza ni ubaridi. Wanafundishana kwamba una kama dakika 1 ya kutuliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono bado inafanya kazi, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Ndiyo maana wanavaa suti zisizoingiza maji. Ziwa letu la Tanganyika, maji ya juu yana joto la nyuzi kati ya 24 na 28 hivi, kwa hiyo hesabu hiyo si yetu. Sisi tuna mamba, tuna kiboko, tuna upepo wa kiangazi, na msaada uko mbali. Kule kupinduka mtoni ni sehemu ya kujifunza, mtu anacheka, anapanda tena. Kwenye mito yetu, Malagarasi ya chini au Ugalla, kupinduka ni kitu ambacho hutakiwi kukifanya hata mara moja.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nitaurudia uzi mzima: mahali pa kujifunzia pasiwe mahali pa kusafiria. Pinduka kwenye maji salama mpaka uchoke, ili siku ya mtoni usiwe unajifunza kitu.

Kama kuna anayedhani uzoefu unatosha kumkinga, amkumbuke Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyeongoza msafara wa Nile Nyeupe kutoka chanzo chake hadi baharini mwaka 2004. Mtu huyo alikuwa na miaka ya uzoefu kwenye mito mikubwa ya Afrika. Desemba 2010 alikuwa na wenzake wawili Wamarekani kwenye mto Lukuga, wakipiga makasia karibu karibu, na mamba akamchukua kutoka kwenye kayaki yake. Lukuga ndio mto unaotoa maji ya Tanganyika kuyapeleka Kongo, mdomo wake uko Kalemie, ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili. Chombo chake kilikuwa cha plastiki ngumu. Chetu ni kitambaa na upepo.

Sijaandika hili ili kuwatisha. Nataka kila mtu aijue faida kubwa ya pakirafti, nayo ni kwamba INABEBEKA. Ukifika mahali roho inasita, unatoka, unakunja, unapita kwa miguu. Mwenye boti la mbao hana uchaguzi huo. Wewe unao, utumie bila aibu.

---

Kijana wa Urambo

Mkuu asante sana, nilikuwa nausubiri huu uzi. Mimi nipo Tabora, nimeagiza changu kinakuja mwezi ujao. Naanzia wapi? Huku hatuna ziwa. Nilifikiria bwawa la Igombe.

---

Kasia la Bangwe

Karibu mdogo wangu. Igombe ni chanzo cha maji ya kunywa ya mji, usiingie pale bila kibali cha mamlaka ya maji. Anza na bwawa la kuogelea la hoteli. Ongea na meneja, nenda asubuhi siku ya kazi wakati hakuna wageni, osha kiboti kwanza.

Pale jifunze jambo moja tu mpaka mwili ulijue, yaani kupanda tena baada ya kupinduka. Kiboti kiko juu chini. Usikiachie hata sekunde moja, maana kikiwa kitupu upepo unakisukuma kwa kasi kuliko unavyoweza kuogelea, na hilo la kuachia ndilo linaloua watu ziwani. Kigeuze. Shika ukingo wa upande wa pili au kamba iliyopita katikati, piga miguu nyuma mpaka mwili ulale juu ya maji, kisha jivute tumbo lipande, geuka, kaa. Wengi wanakosea kwa kuning'inia wima na kujaribu kujinyanyua kwa mikono, na miguu inaingia chini ya kiboti. Miguu ikiwa juu mwili unapanda wenyewe.

Ukishaweza, fanya ukiwa na nguo za safari, viatu na jaketi okozi. Kisha fanya begi likiwa limefungwa mbele. Kisha fanya ukiwa umechoka. Mwenzako naye ajifunze kukushikia kiboti chake ukipanda chako.

Kama kiboti kimekuja na zile kamba za kubana mapaja, zitoe kabisa. Zimewekwa kwa ajili ya watu wa maji ya kasi. Anayeanza akipinduka nazo zinaweza kumnasa mguu kichwa kikiwa majini.

---

Mvuvi Mstaafu

Nimesoma. Mimi nimevua dagaa usiku kwa taa za karabai tangu ujana wangu, sasa nimepumzika. Hivyo viboti nimeviona vinapita Katonga, huku Kigoma. Kijana mmoja anajua kupiga kasia, lakini alikuwa anakwenda nje, anaelekea katikati ya ziwa. Sikupenda.

---

Kasia la Bangwe

Shikamoo mzee wangu. Tafadhali tuelekeze, wewe ndiye mwenye ziwa.

---

Mvuvi Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Alfajiri upepo mwepesi unatoka nchi kavu unakwenda ziwani. Maji yanaonekana yametulia kabisa karibu na ufukwe kwa sababu mlima unakukinga. Ukienda nje kidogo unaukuta upepo wenyewe, na unakusukuma kwenda Kongo. Wewe na kijimpira chako huna uzito wa kushindana nao. Kwa hiyo usiende nje. Fuata ufukwe, uwe karibu kiasi kwamba mtu aliye nchi kavu anasikia filimbi yako. Na wakati wa kwenda anza kwa kupigana na upepo, ili ukichoka ukurudishe nyumbani. Vijana wanafanya kinyume, wanakwenda wakisukumwa wakiimba, kurudi wanalia.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa upepo mkubwa wa kusini unavuma. Ziwa ni refu, kilometa zaidi ya 600, mawimbi yanapata nafasi ya kukua. Asubuhi shwari, saa nne huwezi kusimamisha mtumbwi. Masika nayo yana radi. Ukiona wingu jeusi limesimama upande wa Kongo na ubaridi umekupiga usoni ghafla, toka majini, usisubiri tone la kwanza.

La mwisho watu hawalijui. Ukipata shida ziwani atakayekuokoa ni mvuvi. Wakati wa mbalamwezi sisi hatutoki, taa hazivuti dagaa. Basi siku hizo ziwa ni tupu, hakuna wa kukuona.

---

Kasia la Bangwe

Mzee, hilo la mbalamwezi liandikwe kwa herufi kubwa. Na ongezeni hili, mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi kwenye ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya upepo wa kusini. Yaani upepo mkali na ziwa bila wavuvi kwa wakati mmoja. Ukisikia ziwa limefungwa, jua na waokoaji wako wamefungwa.

Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kwa maziwa unapatikana, usomeni jioni kabla ya kutoka. Ila nendeni pia mwaloni kwa wavuvi mkaulize. Utabiri unaongelea ziwa zima, mzee wa mwaloni anaongelea rasi ile pale.

---

Tembo Mchovu

Mimi sielewi shida iko wapi. Babu zetu wamevuka maji haya kwa mtumbwi wa gogo bila majaketi wala kozi. Haya mambo ya wazungu tunayalipia mamilioni ya nini?

---

Kasia la Bangwe

Ndugu, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Kama safari yako ni kutoka kijiji A kwenda kijiji B kando ya ziwa, mtumbwi ni bora, una kasi, na mwenyewe yupo ndani anayeyajua maji. Pakirafti ziwani inakwenda polepole sana, mtu anayetembea kwa haraka ufukweni anakuacha.

Pakirafti ni ya mtembea kwa miguu anayekutana na maji. Chukua Malagarasi. Mto unapita vinamasi vya Moyowosi, unapita chini ya Daraja la Kikwete, unafika Uvinza kunakotengenezwa chumvi, halafu unakata milima na kuanza kuporomoka hadi maporomoko ya Igamba kabla ya kutulia tena kuelekea Ilagala na ziwani. Mtumbwi wa gogo hauwezi kubebwa kuzunguka Igamba. Kiboti cha kilo 3 kinabebeka.

Na babu zetu walikuwa na mafunzo, tena marefu. Mtoto wa mvuvi anakaa kwenye mtumbwi wa baba yake miaka kabla ya kupewa kasia peke yake. Sisi tunaonunua kiboti mtandaoni ndio tunaotaka kuruka hatua hiyo. Jaketi okozi halina mjadala kwangu. Livaliwe na lifungwe. Ukiliweka chini ya kiti, hesabu kwamba hukuja nalo.

---

Mrina Asali Sikonge

Naomba kuchangia kuhusu Ugalla, maana naona vijana wa Tabora watakimbilia huko. Nimezunguka mapori yale na mizinga miaka mingi kabla hayajawa hifadhi ya taifa.

Mto Ugalla si mto mmoja mwaka mzima. Masika unafurika unaingia msituni, huoni ukingo ulipo. Kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, unakatika kabisa unabaki madimbwi. Sasa fikirieni wenyewe. Viboko na mamba wa mto mzima wanajazana kwenye madimbwi hayo. Mtu anatazama anasema maji ni kidogo, yametulia, hapa ni salama kwa anayeanza. Hapo ndipo pabaya kuliko popote.

Kiboko mchana yuko majini, usiku anatoka kula majani. Njia zake utaziona, mtaro uliochimbika kwenye ukingo umeshuka mpaka majini. Usipige hema kwenye mdomo wa mtaro huo na usiteke maji hapo. Ukikutana naye, kosa kubwa ni kukaa kati yake na kina kirefu. Akishtuka anakimbilia kina, na wewe uko njiani.

---

Kasia la Bangwe

Mzee Mrina, umemaliza. Niongeze machache kwa upande wa chombo.

Waongozaji wa mitumbwi kwenye mito mingine yenye viboko, Zambezi kwa mfano, wanapita kwenye maji mafupi karibu na ukingo ili kina kirefu kibaki kwa kiboko, na wanagonga ubavu wa chombo kumjulisha kwamba wanakuja, asishtuke. Mbinu hiyo ni nzuri kwa muongozaji aliyelelewa nayo. Kwa anayeanza ushauri wangu ni mfupi zaidi, yaani maji yenye viboko usiingie. Tazama kutoka ukingoni, tena juu, kabla ya kila kona. Ukiona masikio, ukisikia mkoromo, ukikuta kinyesi kibichi kimetapakaa kwenye vichaka vya ukingo, kunja kiboti, zunguka kwa miguu mbali na maji.

Mamba ni tatizo la aina nyingine kwa sababu humwoni. Kwa hiyo usininginize mikono wala miguu nje, usioge pembezoni, usiingie na kutoka majini mahali pamoja asubuhi na jioni kwa siku mfululizo. Midomo ya mito, hasa delta ya Malagarasi, siyo mahali pa kupitisha pakirafti hata kidogo. Wenyeji wakikwambia hapa pana mamba, usiwaulize wamemwona lini.

Kuhusu vibali, Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, iko chini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Huingii bila kibali na askari wa hifadhi mwenye silaha, na kama wakisema majini hapana, ni hapana. Hifadhi ya Mahale, kando ya ziwa, nayo mpaka wake unaingia ziwani kilometa 1.6, kwa hiyo ukipita pale karibu na ufukwe uko ndani ya hifadhi hata kama hujakanyaga mchanga. Moyowosi ni pori la akiba, hapo mlango ni TAWA (mamlaka ya wanyamapori).

---

Kijana wa Urambo

Dah. Sasa kaka, ukiondoa mamba na viboko, maji yanayokimbia yenyewe tunajifunzia wapi? Na kuna hatari gani hatuzioni?

---

Kasia la Bangwe

Tafuta kijito kidogo cha juu, cha mawe, maji yanayoonekana chini, kina cha kiunoni. Milima ya Kasulu na Buhigwe inavyo. Nenda na mwenyeji, umuulize kuhusu mamba, ukitembee chote kwa miguu kabla ya kuingia. Usipite mahali ambapo hukupaona kwanza ukiwa nchi kavu.

Hatari mbili nakuomba uziheshimu. Ya kwanza ni mti ulioangukia mtoni. Maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti, anabanwa na mkondo unaendelea kumkandamiza. Ukiuona mti mbele, toka mapema, upande wa pili. Ya pili ni kusimama. Ukianguka kwenye mkondo unaopita magoti usijaribu kusimama, mguu unaingia kati ya mawe, maji yanakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu mbele na juu, ogelea kwa mshazari mpaka maji mafupi kabisa ndipo usimame. Na usijifunge kwa kamba kwenye kiboti mtoni. Ziwani mtu anaweza kujifunga ili upepo usimnyang'anye chombo, mtoni kamba hiyo inanasa kwenye tawi na wewe ukiwa mwisho wake.

Mito wameipanga kwa madaraja ya ugumu, la 1 hadi la 6, la 1 ndilo jepesi. Mwaka wako wa kwanza baki la 1. Igamba usiiguse.

---

Nesi Uvinza

Jamani, na mimi niseme la hospitali kwa sababu naona mnaongelea meno tu.

Kichocho kipo ziwani na kwenye vijito, hasa maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Mtu wa kiboti analowa kila siku. Kujifuta taulo hakutoshi kuwa kinga. Nenda kapime wiki 6 hadi 8 baada ya safari, dawa ipo, inaitwa praziquantel, mnapewa kwa uzito wa mwili. Msinywe kwa kukisia.

Mapori ya Ugalla na ya huku kwetu yana mbung'o, na mbung'o analeta malale. Anapenda rangi ya bluu na nyeusi, mitego yake yenyewe inatengenezwa kwa vitambaa hivyo. Vaeni kaki au kijani kibichi kilichofifia, mikono mirefu. Ukirudi ukapata homa, usiseme tu "nina malaria". Mwambie daktari nilikuwa pori fulani, tarehe fulani, mbung'o aliniuma. Kuna kidonda kinaweza kutokea pale alipouma, kionyeshe. Wagonjwa wanachelewa kwa sababu hawasemi walikotoka.

---

Kasia la Bangwe

Asante sana dada Nesi. Na viboti vingi vinauzwa vya bluu. Wanaoagiza, chagueni nyekundu au chungwa, vinaonekana vizuri na mvuvi pia.

---

Fundi Mwanga

Mkuu swali la kiufundi. Kikitoboka porini? Mimi nina solusheni na viraka vya baiskeli, vinatosha?

---

Kasia la Bangwe

Havitoshi, fundi, na umefanya vizuri kuuliza kabla. Solusheni ya baiskeli imetengenezwa kwa mpira wa tyubu. Kitambaa cha pakirafti kimepakwa plastiki ya aina nyingine, na kile kiraka kitabanduka. Beba utepe maalumu unaokuja na kiboti na gundi yake. Futa mahali kwa spiriti, kausha kabisa, bandika, sugua kwa mgongo wa kijiko. Tundu likiwa kubwa unalishona kwanza kwa sindano na uzi, ndipo unabandika. Vingi vya viboti hivi vina chumba kimoja tu cha upepo, hakuna cha akiba, kwa hiyo kila asubuhi kikague kama unavyokagua matairi kabla ya safari ndefu. Miiba ya migunga yetu haisamehe. Safisha mahali pa kujazia, usikiburute.

Jua nalo. Ukikijaza juani kikakaza, ukikiweka majini upepo wa ndani unapoa kinalegea. Kiongeze upepo baada ya dakika chache. Ukikitoa majini na kukiacha kwenye mchanga wa saa saba, fungua valvu kidogo, la sivyo mishono inaweza kuachia.

Na usiweke vitu vyote kwenye begi lililofungwa kibotini. Filimbi, kisu, kiberiti na simu ndani ya mfuko usioingiza maji viwe mwilini mwako, kwenye jaketi. Ukitenganishwa na kiboti unabaki na ulichovaa.

---

Kijana wa Urambo

Na mtandao wa simu? Nikiwa katikati ya pori naita nani?

---

Kasia la Bangwe

Nambari za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, zinahitaji mnara, na huko minara haipo. Ndiyo maana karatasi inakutangulia. Andika njia yako, mahali utakapoingia majini, mahali utakapotoka, siku na saa ambayo ukiwa hujapiga simu waanze kukutafuta, na waanze kwa nani. Nakala moja kwa mtu wa nyumbani, moja kwa mwenyekiti wa kijiji unachoanzia, moja kwa askari kama ni hifadhi. Mwenyekiti umfuate mwenyewe ukajitambulishe. Mgeni anayetokea mtoni na begi kubwa bila taarifa anachukuliwa kuwa jangili, na hiyo nayo ni hatari.

Msiende wawili kama mnaweza kwenda watatu. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anatembea kutafuta msaada.

Kijana, kiboti chako kikifika maliza kwanza mazoezi ya hotelini Tabora, kisha panda treni uje Kigoma. Mzee Mvuvi amekubali kukaa ufukweni Katonga tukifanya mazoezi ndani ya ghuba. Lete jaketi la saizi yako, pale hakuna la kuazima. Tunaingia kunapopambazuka, tunatoka kabla ya saa tatu. Kama kuna mawimbi meupe nje ya rasi hatuingii, tutashinda nchi kavu tukibandika viraka.

---

Mvuvi Mstaafu

Nipo. Na aje ameshakunywa chai, sitaki mtu wa njaa majini.